Uzi wa bustani ya zoa: usipange rangi kabla hujajua mwendo wake

Kisiwa_cha_Chumvi (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 3:40 usiku

Wakuu, salaam.

Tangu Mfungo Mosi naahidi uzi huu, na kila nikishika simu mtoto ananinyang'anya. Leo wamelala mapema, chai ipo, twende.

Wengi mnaonifuata inbox mnauliza swali moja: nichanganye rangi zipi tanki lipendeze? Nami nilianza na swali hilohilo, likanigharimu. Siku hizi mtu akiniuliza rangi, namuuliza kwanza: hiyo zoa yako inatembeaje?

Kwa wageni kidogo. Zoa, kwa jina refu zoanthidi, ni viumbe vya baharini tunavyofuga kwenye tanki la kioo, ndugu wa matumbawe na anemoni ila hazina mifupa ya chokaa. Ni vikonyo vifupi vyenye uso wa duara na ndevu pembeni. Kila kimoja tunakiita polipu, na chini vimeshikana kwenye ngozi moja kama mkeka. Huo mkeka ndio unaotembea. Unatambaa juu ya jiwe, unachipua polipu mpya pembezoni, na ukifika kwa jirani haupigi hodi. Zoa kwa zoa hazichomani sana kama yanavyofanya matumbawe ya mawe. Ugomvi wao ni nafasi na mwanga: mwenye shingo ndefu anamfunika mwenye shingo fupi, basi.

Tanki langu ni lita 170, lina miaka 4, lipo sebuleni hapa Northampton. Nilipoanza bustani nilitafuta jiwe bapa, ukubwa wa sinia la pilau, nikataka liwe kama kanga: pindo la kijani kuzunguka, mji wa chungwa na zambarau katikati. Aina 11, kila moja polipu 3 hadi 5, nafasi ya kidole kimoja kati ya kipande na kipande. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa mbele ya kioo kama mtu anayeangalia fainali.

Sasa, duka nililonunulia (silitaji) lilinipa kipande kimoja cha bure, zawadi ya mteja, cha kijani kilichofifia na kahawia, hakina jina. Nikakibandika pembeni kujazia pengo la pindo. Kumbe ni palithoa, kwa kifupi pali, ndugu wa zoa mwenye uso mkubwa.

Mwezi wa tano nilihesabu Fire and Ice zangu (hilo ni jina la aina mojawapo ya zoa), zilikuwa polipu 14. Mwezi wa nane nikaziona 3. Nikafikiri zimekufa kwa maji. Nikapima kila kitu, nikabadili maji, nikashusha taa, nikapandisha taa. Siku moja nikainua zile pali kwa kibano, maana kila uso ulikuwa mpana kama kifungo cha koti, na chini yake nikaziona zingine: zimejikunja, zimerefuka shingo kutafuta mwanga, zimepauka kama chipukizi la maharage lililoota kabatini. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zimejengewa ghorofa kichwani.

Baada ya hapo nikavunja kila kitu. Leo nina visiwa vinne. Mawe hayagusani, kati yake kuna mchanga wa sentimita 5 hivi. Mkeka wa zoa unataka kitu kigumu cha kushika, mchanga unaukwamisha. Kioo zinapanda, kwa hiyo usiegemeze jiwe kwenye kioo. Nina Eagle Eye tatu kwenye kioo cha nyuma zinanikodolea macho mpaka leo.

Kisiwa cha kwanza ni cha wakimbiaji: Eagle Eye na Dragon Eye. Hao waache washindane, wanawezana. Cha pili wana mwendo wa kati, Rasta na Utter Chaos. Cha tatu ni cha wazee wa polepole: Sunny D pamoja na zile Fire and Ice tatu zilizookoka, ambazo sasa ni 9. Cha nne yuko pali peke yake, nyuma, chini, amezungukwa na mchanga kama mfungwa. Sikumtupa kwa sababu usiku chini ya taa ya bluu anapendeza kuliko wote, mshenzi yule.

Huo ni mwendo wa kwenye tanki LANGU. Kwako Rasta anaweza kukimbia na Eagle Eye akalala. Ndiyo maana kipande kipya nakiweka peke yake juu ya kijiwe kidogo mchangani, miezi miwili au mitatu, nahesabu polipu kila mwisho wa mwezi. Nikishajua mwendo ndipo nampa kisiwa.

Rangi sasa, maana najua ndiyo mliyoijia. Chini ya taa ya bluu kijani kinameza kila kitu. Ukiweka kijani kando ya kijani, kwa mbali unaona doa moja tu. Tenganisha kijani kwa chungwa au zambarau. Angalia pia ndevu, siyo uso tu. Zoa mbili zinaweza kuwa na nyuso zinazofanana, lakini mmoja ana ndevu za chungwa mwingine za kijani, na ukizipanga jirani ndevu ndizo zinazochora mpaka. Hapo ndipo bustani inaanza kuonekana imeshonwa.

Taa: PAR (kipimo cha mwanga) 80 hadi 120 zinanitosha. Kipande kipya kinaanzia chini kabisa kwa wiki mbili tatu. Kikirefuka shingo kinataka mwanga zaidi, kikijibana na kupauka kimeunguzwa.

Maji: chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 hadi 26, alkalini 8 hadi 9 dKH, naitreti 5 hadi 15. Msisafishe maji mpaka yakawa kama ya dripu, zoa zinapenda uchafu kidogo. Fosfeti ikigonga sifuri zinasinyaa.

Karibuni, ulizeni, pingeni.

---

mgeni_tu, saa 3:52 usiku

Mkuu maneno yote hayo hakuna picha?

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 3:55 usiku

Kesho in shaa Allah. Simu yangu chini ya taa ya bluu inatoa picha kama X-ray.

---

Fundi_Msasani, saa 4:20 usiku

Mkuu heshima kwako. Mimi nipo Dar, nina lita 90, zoa nilipata kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Shida yangu siyo rangi wala mwendo, shida ni joto. Mchana tanki linafika nyuzi 31 na zoa zinajifunga kama duka siku ya uchaguzi. Chila, ile mashine ya kupoza maji, bei yake sitaki hata kuitamka. Na umeme nao mnaujua.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 4:33 usiku

Fundi pole. Chukua feni ndogo mbili, zile za kompyuta, zipulize juu ya uso wa maji, siyo kwenye kioo. Zinashusha nyuzi 2 hadi 3 kwa sababu maji yanapaa kama mvuke. Sasa sikiliza hapa: kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku unajazia maji YASIYO NA CHUMVI, ya RO (yaliyochujwa kwa mashine) ukipata. Watu wanajazia maji ya bahari, baada ya wiki mbili chumvi iko 40 wanalia zoa zimekufa. Feni za Dar zitakupotezea lita moja au zaidi kwa siku, weka alama ya kalamu kwenye kioo.

Umeme ukikatika, cha kwanza kufa ni samaki kwa kukosa hewa, zoa zinavumilia. Pampu ya hewa ya betri, ile ya kubebea samaki hai, inatosha kuvusha usiku.

---

Fundi_Msasani, saa 4:41 usiku

Na maji ya bahari kuchota je? Maana chumvi ya mfuko hapa inauzwa kama dhahabu.

---

Bamvua, saa 4:58 usiku

Nijibu hilo maana nimefanya miaka. Chota maji yakijaa, siyo yakitoka. Mbali na mdomo wa mto, mbali na bandari, na usichote siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Chuja kwa kitambaa kizito, yaache gizani kwenye ndoo yenye kifuniko siku kadhaa, pima chumvi kabla ya kutumia. Mimi nilikuwa nakwenda na ngalawa hadi nje kidogo. Wavuvi walinicheka mpaka wakazoea, wakawa wananiletea wenyewe.

---

Sota_Boy, Jumamosi saa 7:15 mchana

Mwanzisha uzi nakuheshimu ila hapa nakupinga. Niko Minneapolis, tanki galoni 40, zoa aina 20 na kitu, ZOTE jiwe moja. Sikutenga mtu. Mwaka wa tatu huu. Zimeingiliana mpaka hujui nani alianzia wapi, polipu moja ya chungwa katikati ya kijani, zambarau mbili pale, ndiyo uzuri wenyewe. Visiwa vyako naviona kama maonyesho ya biashara, kila mtu na banda lake.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 7:40 mchana

Sota_Boy alisema: *"aina 20 na kitu, ZOTE jiwe moja"*

Sawa kaka. Swali moja la kindugu: ulianza na aina ngapi?

---

Sota_Boy, saa 7:44 mchana

31 😅

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 7:45 mchana

Nimemaliza.

---

Sota_Boy, saa 8:02 mchana

Hahaha ngoja kwanza usinifungie mlango. Tisa zilikufa kweli, na mbili nilinunua bei ambayo mke wangu haijui hadi leo, na asiijue. Lakini zilizobaki zimebaki kwa sababu zinawezana. Mimi niliacha bahari ichague, wewe umechagua kwa daftari. Na kitu kimoja nimekiona: zinapoingiliana taratibu zenye polipu saizi moja, hakuna anayekufa. Zinaachiana. Nina Dragon Eye na nyingine ya zambarau zimekaa vile miaka miwili, kama shanga mbili zimetungwa uzi mmoja. Mpaka wao hausogei.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 8:20 mchana

Hapo nakubali, na nitaongeza kwenye post ya kwanza: saizi ya polipu na urefu wa shingo, siyo mwendo peke yake. Wenye kimo kimoja wanaweza kulala kitanda kimoja hata kama mmoja anakoroma. Mimi niliyeumizwa na ghorofa nilikuwa naangalia mbio tu.

Ila mtu anayeanza na polipu tatu za akiba yake ya miezi miwili, usimwambie aiachie bahari ichague.

---

MamaJunior_Leicester, saa 10:30 jioni

Habari zenu kaka zangu. Mimi siyo mtaalamu, tanki ni la mume wangu, yuko safarini. Kuna jiwe limejaa hizo pali za kahawia mnazozisema, amelitoa wiki iliyopita liko kwenye ndoo bafuni. Kaniambia nilichemshe kwenye sufuria kubwa zife, halafu jiwe nilirudishe safi. Nichemshe dakika ngapi?

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 10:31 jioni

DADA USICHEMSHE. Usiwashe jiko. Subiri.

---

Nesi_wa_Muscat, saa 10:39 jioni

Dada yangu soma hili taratibu, na jiwe liache hapohapo lilipo kwa sasa, funika ndoo, funga mlango wa bafu, watoto wasiingie.

Palithoa nyingi zina sumu inaitwa palitoksini. Ni kati ya sumu kali kabisa za asili zinazojulikana ambazo siyo protini. Kila seli ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sumu hii inaikamata pampu ile na kuigeuza mlango uliobaki wazi. Ndiyo maana inagusa kila kitu: misuli, moyo, mapafu.

Moto HAUIVUNJI. Ukichemsha, kinachotokea ni mvuke unaobeba vitone vyake hadi kwenye pua ya kila aliyemo ndani ya nyumba. Watu wamelazwa kwa kuchemsha mawe, kwa kuyamwagia maji ya moto, kwa kuyakwangua yakiwa makavu. Huko kwenu Uingereza, mwaka 2018 Oxfordshire, mtu alikuwa anasafisha tanki tu, familia ikaishia hospitali na wazima moto waliokuja kuwasaidia nao wakapelekwa.

Dalili: ladha ya chuma au uchungu mdomoni, homa na kutetemeka, kikohozi, kifua kubana, misuli kuuma. Ikirukia jichoni ni hatari ya kioo cha jicho. Ukiona mojawapo toka nje upate hewa, nenda hospitali, na utamke jina PALITOKSINI, maana wengi hawajawahi kukutana nayo na watakutibu mafua.

---

MamaJunior_Leicester, saa 10:44 jioni

Ya Rabbi. Sufuria ilikuwa tayari mezani. Sasa nifanyeje?

---

Nesi_wa_Muscat, saa 10:52 jioni

Kwanza huna haraka. Likikaa ndani ya maji limefunikwa, halina shida na wewe. Mumeo akirudi afanye yeye, nje uwanjani, siyo ndani: glavu ndefu, miwani ya kufunika macho yote, barakoa nzuri, ndoo ya maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Jiwe linaingia zima bila kukwanguliwa, linalala humo siku nzima. Jiki ndiyo inayoivunja sumu hii. Asichanganye jiki na siki wala na dawa nyingine yoyote ya choo, hiyo ni gesi nyingine tena. Baadaye alisuuze sana, bado na glavu zake.

Na ukweli: jiwe jipya bei yake ni ndogo kuliko usumbufu wote huo.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 11:05 jioni

Ahsante sana Nesi. Kosa ni langu, hili lilitakiwa liwe juu kabisa ya uzi. Nimelipandisha.

Naongeza la sisi tunaokata vipande. Zoa ndogo za kundi la Zoanthus, nyingi zilizopimwa zilikutwa hazina sumu hiyo au zina kidogo sana. Pali ndiyo yenye mzigo. Lakini kwa macho hutofautishi kila mara, kwa hiyo zote mimi nazikata kama vile zinayo: glavu, miwani, na nakatia ndani ya bakuli la maji ya tanki ili zisirushe majimaji. Dalili moja ya pali: wembe ukipita unakwaruza, kwa sababu wao wanajaza mchanga ndani ya nyama yao. Zoa inakatika laini kama embe dodo.

---

Bamvua, saa 11:30 jioni

Sumu hiyo ina kisa. Hawaii, kisiwa cha Maui, karibu na Hana, kulikuwa na kidimbwi cha mwambani ambacho wenyeji walikiwekea mwiko. Kilichoota humo walikiita limu make o Hana, yaani mwani wa mauti wa Hana, na zamani walikuwa wanapaka ncha za mikuki. Watafiti walipokwenda kuchukua sampuli, 31 Desemba 1961, waliambiwa wasiguse. Wakachukua. Siku hiyohiyo maabara yao ya Coconut Island ikaungua moto. Mnasemaje hapo?

Mwaka 1971 Moore na Scheuer ndio waliotangaza wameitenga ile sumu. Na ule "mwani" haukuwa mwani. Ilikuwa palithoa.

---

mgeni_tu, saa 11:34 jioni

Mwiko ni mwiko. Picha vipi mkuu?

---

MtotoWaChumbageni, Jumapili saa 2:10 asubuhi

Wakuu mimi nipo Tanga. Maji ya bamvua ya juzi yalitoka sana, nimeshuka mwambani na mama zangu wanaotafuta pweza, nikaona mawe yamefunikwa vitu kama hivyo hasa! Kijani, kahawia, vingine vina macho ya chungwa. Ni zoa hizi hizi? Kama ni hizi mbona nyinyi mnalipa hela, mimi naweza kuchukua patasi nikawatumia kontena 😂

---

Bamvua, saa 2:45 asubuhi

Mdogo wangu ni hizo hasa, na nikupe la kujivunia. Moja ya zoa zinazojulikana sana duniani inaitwa *Zoanthus sansibaricus*. Sansibaricus ni Zanzibar. Stuhlmann, Mjerumani, alikusanya vielelezo pwani yetu mwaka 1888 na 1889, na Carlgren akaandika majina yake mwaka 1900. Baadaye watafiti wa huko visiwa vya kusini mwa Japani, Reimer na wenzake, walizipima vinasaba zoa za rangi mbalimbali zilizokuwa zinaonekana kama aina tofauti. Nyingi zikatoka kuwa huyo huyo sansibaricus. Kijani, chungwa, na rangi nyingine, ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo haya majina ya Rasta na Utter Chaos ni majina ya sokoni, kama majina ya kanga. Kitambaa kinaweza kuwa kilekile.

Patasi iache nyumbani. Tanga mna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, na ndani ya hifadhi huchukui hata jiwe bila kibali. Na hata nje yake, usafirishaji unataka vibali ambavyo wewe na mimi hatuna. Mwamba ule umeshaona mengi. Joto la 1998 liliua matumbawe pwani yote hii, mimi nilikuwa nazamia wakati ule, ilikuwa kama kuogelea juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Zile zoa unazoziona leo ziache zifunike.

---

MtotoWaChumbageni, saa 2:58 asubuhi

Nimekusoma baba. Nitapiga picha tu.

---

mgeni_tu, saa 2:59 asubuhi

Angalau mmoja atapiga picha.

---

Nahodha254, Jumapili saa 1:20 usiku

Wadau naombeni msaada. Dubai hapa, lita 120. Kikundi changu cha Rasta, polipu 25 hivi, zimejifunga siku ya tisa leo. Maji nimepima yako sawa kabisa. Za jirani ziko wazi, zinacheka. Hizi tu ndizo zimenuna.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 1:31 usiku

Kikundi kimoja kikinuna na majirani wanacheka, mara nyingi siyo maji. Ni mtu. Maswali: kuna uchafu umekaa katikati ya shingo zao? Kuna vidoa vidogo vyeupe au vya njano kama chunusi kwenye shingo? Na kuna samaki gani humo?

---

Nahodha254, saa 1:37 usiku

Uchafu hapana, napuliza kwa bomba la sindano kila wiki. Chunusi sijaona. Samaki ni kilauni wawili na goby mmoja.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 1:48 usiku

Basi subiri taa zizime, saa mbili baadaye nenda na tochi yenye karatasi nyekundu mbele. Unatafuta vitu viwili. Wa kwanza ni konokono mwenye gamba la duara lililobapa, madoadoa meusi na meupe kama kitambaa cha drafti, anajificha chini ya mkeka. Wa pili ni konokono asiye na gamba, nudibranki, na huyu ni mchawi: anakula zoa, anachukua rangi yake, na mgongoni ana ndevu zilezile. Utamwangalia usoni usimwone. Usitafute rangi, tafuta KINACHOSOGEA.

---

Nahodha254, saa 5:12 usiku

Wallahi mkono unatetemeka. Nilikaa dakika arobaini sioni kitu. Nikaona polipu moja imefunguka usiku, nikasema alhamdulillahi moja imepona. Kisha ikageuka. Ikaanza kutembea juu ya wenzake. Urefu wa punje ya mchele, ndevu za kijani kwa njano, Rasta mtupu! Nimemtoa kwa kibano yuko kwenye kikombe. Wapo wengine wawili nimewaona.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 5:20 usiku

Hongera, wengi hawaamini mpaka waone. Sasa toa kikundi chote. Ndoo ya maji ya tanki yenye aidini ya kuogeshea matumbawe, kipimo fuata chupa, dakika 10 hadi 15, puliza kwa nguvu kati ya shingo, watadondoka. Halafu geuza jiwe, angalia chini na pembeni, utaona mayai: kizingo cheupe kilichojiviringisha kama dawa ya mbu ya kuchoma iliyowashwa ikaachwa. HAYO DAWA HAIYAUI. Kwangua kwa wembe moja moja. Rudia kuogesha kila wiki, wiki nne, maana kuna utakayoyakosa.

Na kipande chochote kipya kikae tanki la pembeni kwanza. Najua hufanyi. Mimi pia nilikuwa sifanyi.

---

Nahodha254, Jumatatu ya wiki ya tatu, saa 2:05 usiku

Ripoti: kuogesha mara tatu, nudibranki jumla 7, mayai vizingo vinne. Polipu 22 zimefunguka leo. Tatu sijui kama zitarudi. Ahsanteni sana ndugu zangu.

---

mgeni_tu, saa 2:09 usiku

Hongera Nahodha. Mwanzisha uzi, wiki ya tatu hii.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 2:50 usiku

Haya, haya. Nimenunua kile kichujio cha chungwa cha kamera kwa ajili yako, mgeni_tu. Taa nimeipunguza bluu, nimeongeza nyeupe kidogo, nimezima pampu zisitikisike. Nimepiga picha 12. Napandisha.

---

Kisiwa_cha_Chumvi, saa 3:04 usiku

Sipandishi kwanza. Nimeikuza ile ya kisiwa cha wazee na kuna kitu sikukijua. Waya wa pampu ndogo unapita mchangani kutoka kisiwa cha wakimbiaji hadi kwa wazee. Niliuficha mwenyewe, usionekane.

Kuna Eagle Eye kumi na moja zimepanga mstari juu ya waya kama ndege kwenye nyaya za umeme. Ya mbele kabisa imeshaweka mguu kwenye jiwe la Sunny D.

Nani wa karibu na Northampton ana kibano kirefu?